Kengele ya Isenga Hufika Wapi

Mmeniuliza juu ya pigo la mwisho la saa sita. Klementi alikuja kwangu akiwa ametumwa na Padre mpya. Sala ya Malaika wa Bwana imekwisha, kengele imenyamaza, watu wamefanya ishara ya msalaba na kushika majembe yao, kisha linakuja pigo moja peke yake. La nini? Kitabuni halimo. Klementi alijibu kwamba hajui, alinikuta nikilipiga na yeye analipiga. Padre anataka kujua kama libaki au liachwe. Nikamwambia Klementi nitaandika, kwa kuwa nikieleza kwa mdomo nitashindwa kufika mwisho.

Basi haya ni yenu nyinyi mnaoshika kamba sasa. Nitaandika ninayoyakumbuka. Niliyoyasahau sitayatungia maneno. Wala msitafute humu habari za vyeo. Mpiga kengele hana pa kupanda ila mnarani, na akishapanda anashuka.

Nilianza kazi Isenga, kijiji chetu cha zamani, kabla watu hawajahamishwa. Wengi wenu mmezaliwa huku Kijiji Kipya na Isenga mnaijua kwa jina tu. Palikuwa na kanisa la matofali ya kuchoma, mnara wake mfupi mnene, na ndani ya mnara kengele mbili. Ndogo ilikuwa ya misa za siku za kazi. Kubwa ilikuwa ya Jumapili, ya sikukuu, ya saa sita, na ya misiba. Ndiyo hii hii mnayoipiga leo.

Aliyenifundisha ni Mzee Malunde. Msaidizi wake wa kwanza alikuwa ameondoka kwenda kukata mkonge, kama walivyoondoka vijana wengi wakati ule, na Padre akaniita mimi. Nilikuwa nimeoa karibuni, nalima karanga, na sikuwa na sifa yoyote isipokuwa kwamba nyumba yangu ilikuwa karibu na mnara. Nilimkuta Mzee amekaa kizingitini anasokota kamba kwenye paja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una mikono?"

Nikamwonyesha.

"Hiyo ni ya jembe. Jembe unalipiga kwa hasira, udongo hausemi kitu. Kamba usiipige. Ishushe, halafu uifuate kama unavyomfuata mkweo njiani. Usimkaribie, na usimpoteze."

Nikashika kamba ya kengele kubwa nikavuta kama mtu anayemtoa ng'ombe topeni. Kengele ikaenda, ikageuka, na iliporudi ikaninyanyua. Miguu yangu iliacha ardhi. Nilipotua, Mzee alikuwa bado anasokota kamba yake.

"Umeona?" akasema. "Sasa hapo nani amempiga mwenzake?"

Msimu mzima wa kiangazi sikuruhusiwa kugusa kengele kubwa tena. Nilipiga ndogo, na kubwa nikaisikiliza. Mzee aliipiga taratibu kuliko wapigaji wote niliowasikia baadaye mahali pengine. Nilimuuliza sababu. Akaniambia ndio mwendo iliokuja nao.

Maana yeye ndiye aliyeileta. Zamani, kabla ya reli, kijana wa Kinyamwezi ambaye hajakwenda pwani alihesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Malunde alishuka pwani na msafara uliobeba pembe, na alipopanda alipanda na kengele ya misheni. Haikufaa kichwani. Iliningʼinizwa kwenye mti, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, mzegazega, wakipokezana na wawili wengine.

"Mzigo wa kichwani unautua ukichoka," alinisimulia. "Mzegazega huwezi, kwa sababu mwenzako hajachoka. Na akichoka yeye, wewe huna habari. Mnakwenda hivyo mpaka mnachukiana, kisha mnapendana."

Ulimi wa kengele ulikuwa umezibwa kwa majani makavu na kufungwa vitambaa. Padre wa pwani aliwaambia isilie njiani, kwani ilikuwa haijabarikiwa. Wakatii. Walipita Ugogo kimya, wakaingia Mgunda Mkali, lile pori la kiu ambalo wapagazi wengi waliliogopa kuliko simba wake, na ndani ya pori wakazidi kunyamaza. Upande wa pili wa pori ni Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi. Hapo pana maji, na pana watu wanaosema lugha ya mama yako.

"Tulipoona moshi wa Tura," akasema, "mwenzangu wa nyuma hakusema neno. Nilisikia tu mti unatetemeka begani. Alikuwa amechomoa majani."

"Nayo haijabarikiwa?"

"Haijabarikiwa. Lakini tulikuwa tumefika."

Basi wakaingia Tura kengele ikilia kwa mwendo wa miguu yao. Binti mmoja alikuwa anatoka kisimani na mtungi. Akasimama, akawatazama, akasema, "Mmemla ng'ombe gani mkabakiza kengele yake tu? Maana huyo ng'ombe alikuwa mkubwa." Malunde akamjibu kwamba ng'ombe yuko mbele, wanamfuata. Binti akasema, "Mkimpata, mniletee maziwa." Huyo ndiye Nyamizi. Mwaka uliofuata Malunde alirudi Tura na wazee wake kuposa.

Kila Mzee aliposimulia kisa hiki, Bibi Nyamizi alisikiliza kutoka jikoni, na akifika mahali pa maziwa mama yule alipaza sauti: "Mwongo. Ya ng'ombe nilisema. Ya maziwa ameongeza mwenyewe." Kisha alituletea uji. Sikuwahi kujua nani kati yao alikuwa na kumbukumbu nzuri, na nimeandika yote mawili.

Sasa niseme juu ya vyombo, maana Klementi ni seremala na atapenda kujua. Kamba zetu za kwanza zilikuwa za magome ya miyombo. Zilikuwa nzuri masika, na kiangazi zilikuwa zinakula viganja. Baadaye tulipata za katani. Kamba yoyote tuliipaka nta ya nyuki, kidogo, mahali pa mikono tu. Mhimili tuliupaka mafuta ya nyonyo. Mtu asije akawashauri mafuta ya ng'ombe. Tulijaribu, na panya wa mnarani walinenepa kuliko katekista.

Kinachochakaa mapema ni ule ukanda wa ngozi unaoshikilia ulimi. Ulipokatika mara ya kwanza katika zamu yangu, nilitia ulimi begani nikaenda nao Tabora mjini kwa fundi chuma aliyeitwa Salumu, Mwislamu wa familia ya zamani pale, aliyejua na kazi ya ngozi.

"Hiki nini? Mtwangio?" akaniuliza.

"Ulimi wa kengele, fundi."

"Ya kanisa?"

"Ya kanisa."

"Kwa hiyo mimi niliyeamka alfajiri kwa adhana nitengeneze kinachowaamsha nyinyi waliolala."

"Ndiyo, fundi."

Akaugeuzageuza ulimi mkononi. "Muadhini wetu haombi kutiwa ngozi mpya," akasema, lakini moto alikuwa ameshaanza kuuvuvia. Ngozi aliyotia ilikuwa ya kiboko, na ilidumu kuliko mapadre watatu. Kila nilipopita mjini aliniuliza, "Ulimi wangu hajambo?" Nami nikamjibu, "Anasema."

Kuna jambo moja la Isenga ambalo hata sasa wazee wakikutana hulicheka. Mnajua kwamba kuanzia Alhamisi Kuu kengele hunyamaza mpaka Gloria ya Pasaka. Siku hizo hutumika vibao vya mti. Mwaka mmoja, katika siku hizo za kimya, kundi la nyuki lilihamia ndani ya kengele kubwa. Mzee Malunde aliliona Ijumaa. Hakulifukuza. Kwetu mtu hafukuzi nyuki waliokuja wenyewe, ni baraka kwa nyumba, na Mzee aliona kwamba kama ni baraka kwa nyumba ya mtu, kwa nyumba ya Mungu ni zaidi. Wala hakuniambia, akidhani wataondoka.

Wakati ule Gloria ya Pasaka ilikuwa Jumamosi asubuhi. Padre akaimba neno la kwanza, kengele ya altareni ikalia, nami nikashusha kamba kwa furaha yote ya Kwaresima iliyokwisha. Kilichofuata siwezi kukieleza kwa mpangilio, kwa sababu nilikuwa mbele ya waliokimbia. Nyuki walishuka mnarani wakaingia kanisani. Padre alijifunika joho lake lote akabaki mahali pake kama kichuguu cheupe, akiendelea kuimba kutoka ndani. Alipotoka nje akiwa na jicho moja limevimba, alimkuta Mzee amesimama uani, hajaumwa hata na mmoja.

"Malunde, ulijua?"

"Nilijua, Padre."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza. Na nyuki ni wa Pasaka, Padre. Mshumaa wako umetoka wapi?"

Padre akalitazama hilo kwa jicho lililobaki, akaingia ndani kumalizia misa kwa waliokuwepo. Tulikuwa wachache.

Nimechelewesha sehemu ngumu. Sasa ninaifikia.

Bibi Nyamizi aliugua masika. Mke wangu Tereza alimuuguza kama mama yake, na mimi nilikuwa naingia pale asubuhi na jioni. Siku moja nilikuwepo aliposema na mumewe. Alikuwa amelala ubavu, anaangalia ukuta.

"Malunde. Wewe nilikusikia kabla sijakuona."

"Ndiyo."

"Usinizike mahali kengele haifiki."

"Utakuwa chini ya mnara kabisa," Mzee akamwambia. "Utachoka nayo."

"Nikichoka nitakwambia. Niahidi."

"Itafika. Popote utakapokuwa itafika."

Aliposema popote hakuwa na maana yoyote, ni neno tu mtu hulisema. Mahali pengine palikuwa wapi? Makaburi yalikuwa pale, mnara pale.

Alipofariki, Mzee alinikabidhi kamba. Alikuwa na mwiko wake, na mimi nimeushika: mpiga kengele hapigii nyumba yake. Basi kengele yangu ya kwanza ya msiba ilikuwa ya Bibi Nyamizi. Mbili mbili, kwa kuwa ni mwanamke, na katikati kimya cha kutosha mtu kuuliza "ni nani?" na mwingine kumjibu. Nilipiga kwa mwendo wa Mzee. Yeye alikaa chini akiwa ameegemeza kiganja ukutani mwa mnara. Nilidhani anajishikilia asianguke. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anasikiliza. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa zamani kwa kazi ile, la kushoto lilikuwa linaondoka, na alikuwa ameanza kuisikia kengele kwa mkono.

Kisha yakaja malale. Mlio wadogo hamjui ugonjwa ule ulivyotisha. Mtu alilala akiwa na tonge mkononi. Mbung'o walijaa porini, na pori lilikuwa limetuzunguka. Wakaja madaktari wa serikali wakatushika shingo mmoja mmoja wakitafuta matezi, na mwisho amri ikatoka: Isenga na vitongoji vyake vyote vihame, watu wakusanywe mahali pamoja palipofyekwa, ndipo hapa. Nyumba za zamani zitachomwa ili mtu asirudi.

Mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, alitukusanya akalitangaza. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amezika wanawe wawili kwa malale. Watu wakaguna, wakauliza habari za mahindi yaliyo shambani, kisha wakakubali. Mzee Malunde akabaki ameketi. Ilibidi mwanangwa aseme karibu na sikio lake la kushoto.

"Mzee Malunde, serikali imesema watu wote."

"Nyamizi si mtu?"

"Nyamizi amekufa, baba."

"Najua. Nilimzika mimi. Nimekuuliza kama si mtu."

Mwanangwa akanitazama mimi, nami nikatazama chini.

Mzee hakuwa mkaidi kwa tabia. Lakini alikuwa ametoa ahadi, na aliyeahidiwa hakuwepo wa kumfungulia. Alisema kama kengele inabaki, atabaki aipige. Kama inakwenda, atabaki na Nyamizi ili asiwe peke yake kwenye kimya. Tereza alimpelekea chakula akamsihi. Mimi nilimsihi. Padre, yule yule wa nyuki, akaja akakaa naye kizingitini. Niliyasikia maneno yao kwa kuwa kwa Mzee ilibidi mtu apaze sauti.

"Malunde, kengele huenda waendako wanaosali."

"Hawa waliolala hapa hawasali?"

Padre akafikiri. "Wanasali kuliko sisi," akasema. "Lakini hawana mikono ya kuvuta kamba."

  Walikaa kizingitini mpaka Padre akasimama akaenda zake.

Siku ya kuishusha kengele, vijana waliipata chini salama, wakaanza kuifunga kwenye miti miwili ili waiburute. Njia ya gari haikuwepo. Mzee alikuwa kizingitini mwake akiangalia. Walizungusha kamba hivi, wakaizungusha vile, mmoja akapanda juu ya kengele kwa miguu ili aikaze. Hapo Mzee akainuka.

"Shuka," akasema. "Mnaifunga kama mnafunga nguruwe."

Akatafuta mti mwenyewe. Akachagua watu wanne wanaolingana mabega, akawapanga. Akakata majani makavu, akaziba ulimi, akafunga na kitambaa. Kile kitambaa kilikuwa kanga ya Nyamizi, nilikitambua. Alipomaliza kufunga alishika fimbo akatangulia mbele, mahali pa kiongozi wa msafara, na wale wanne wakainua mzigo wakamfuata. Hakuaga kaburi mbele yetu. Nyuma yetu moshi ulikuwa umeanza.

Tulitoka alfajiri tukaingia huku jua limeinama. Mzee alitembea yote. Tulipoanza kuona uwazi wa Kijiji Kipya mbele, kijana wa nyuma, aliyekijua kile kisa cha Tura kama sisi sote, akanyoosha mkono kuchomoa majani. Alidhani atamfurahisha. Mzee hakuwa na masikio, lakini aligeuka.

"Acha," akasema. "Hapa si Tura. Hapa hatujafika."

Tukaingia kimya.

Mmeshangaa siku zote kwa nini kengele yenu imejengewa juu ya kichuguu, mbali na mlango wa kanisa, mpaka mvua ikinyesha mpigaji analowa. Ni Mzee. Padre alitaka iwe mlangoni. Mzee alizunguka siku kadhaa akarudi akasema kichuguu kile ndicho kirefu kuliko vyote, na kiko upande wa Isenga. Padre alimtazama akasema, "Basi." Wanawake walilalamika kwamba kengele imelipa kanisa kisogo. Ni kweli, imelipa.

Kijiji Kipya kilipokuwa kimetulia, serikali iliwaruhusu warina asali kuingia porini kwa msimu wao. Mzee akaniambia atakwenda nao mpaka Isenga.

"Sikiliza. Siku ya pili ya safari yetu, saa sita, piga sala kama kawaida. Ukimaliza, pumua. Kisha piga moja, kubwa, peke yake. Hiyo ndiyo nitakayoisikiliza. Zile nyingine ni za watu wote."

Tereza alikuwa anapepeta mchele. "Baba, na masikio hayo?" akamuuliza kwa sauti ya juu, kwa upole.

"Lipo moja limebaki," akasema.

"Lipi hilo? La kushoto jana nilikuitia chakula mara ngapi?"

"Chakula chako nilikisikia. Nilikuwa sina njaa."

Alikwenda. Nikapiga kama alivyoniagiza, na lile la mwisho nililipiga kwa nguvu zote mpaka mti wa juu ukalia. Aliporudi na warina asali, watu walimzunguka. Karibu kila nyumba ilikuwa na kaburi Isenga, na habari ya safari yake ilikuwa imeenea. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mwisho mwanangwa, mwenye makaburi mawili, akainama kwenye sikio lake.

"Baba. Inafika?"

"Nimesikia," Mzee akasema.

Kila mtu pale alijua kwamba Mzee Malunde alikuwa hasikii hata akiwa chini ya kengele. Hakuna aliyecheka. Mwanangwa alijifuta uso akaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo sikuacha kulipiga pigo lile, na watu wakaliita la Isenga. Likipigwa, mlinieleza hivyo wenyewe, mama zenu walisimama kidogo shambani. Padre alilisikia siku nyingi, kisha akaniuliza, "Gaspari, lile la mwisho ni la nani?" Nikamwambia. Akawasha kiko chake. Ndiyo ruhusa pekee niliyopata, na mapadre waliokuja baadaye walilikuta.

Mzee Malunde alifariki akiwa amelala, mchana, kiangazi. Amezikwa chini ya kichuguu. Nilimpigia tatu tatu kwa mwendo wake. Miaka ilipita nikampigia yule mwanangwa, nikawapigia wengi. Alipofariki Tereza sikupiga. Nilikaa chini, Klementi akapiga, na nilijikuta nimeegemeza kiganja kwenye nguzo.

Sikuwahi kuwauliza warina asali kama siku ile walisikia kitu. Ningeweza. Walikuwa majirani zangu. Nadhani sikutaka jibu la mtu mwingine.

Mwaka huu bega langu limekataa, nikawaachia kamba. Pori la Isenga sasa limepungua mbung'o na watu wanapita. Klementi alipokuja na swali la Padre, nilimwambia nitakwenda kwanza ndipo nijibu. "Kesho saa sita," nikamwambia, "lipige vizuri."

Nilikwenda na mwanangu. Nilimwacha barabarani na baiskeli, nikaingia peke yangu. Mnara umebaki nusu. Kwenye ufa wake wamo nyuki, na sikushangaa. Kaburi la Bibi Nyamizi nililiona kwa mawe yake, nikalifyeka, nikasimama. Kivuli changu kilifupika mpaka kikaingia miguuni. Nilizuia pumzi. Palikuwa na njiwa, palikuwa na nyuki, na upepo ulikuwa unatoka upande wa huku, upande mzuri. Nilisikiliza kwa masikio mawili yaliyo hai.

Haifiki. Naandika kama ilivyo. Haikufika hata kidogo.

Nilitaka kukaa chini nipumzike, ndipo nikaona mikono yangu iko juu ya kichwa, vidole vimefumbwa, inashuka. Bega lile lililokataa lilikuwa limeinuka. Mikono ikashuka, ikaachia, ikafuata, kwa mwendo wa wapagazi, mpaka sala ikaisha. Nikapumua. Ikashuka tena mara moja, peke yake. Nilikuwa nimesimama mbele ya Bibi Nyamizi nikivuta hewa kama mwehu, machozi yakinitoka, na kama mwanangu angeniona angenipeleka hospitali ya Tabora.

Siwezi kusema kwamba Mzee Malunde alisikia hivyo. Hakuniambia, na marehemu hasemewi. Najua tu alikaa pale saa sita, naye alikuwa amevuta kamba miaka mingi kuliko mimi.

Niliporudi Klementi alikuwa ananingoja kwenye kichuguu. "Mzee, ilifika?"

"Haikufika."

Akainamisha kichwa. Mama yake yuko Isenga. "Basi nimwambie Padre tuliache?"

Nimekaa na swali lake tangu siku ile, na jibu langu ni hili. Mwambie Padre kweli, Klementi, usiongeze na usipunguze: haifiki. Mwambie umeambiwa na mtu aliyekwenda. Kisha, ukishamwambia, saa sita panda kichuguu, umalize sala, upumue, na ulipige.